Mtoto Wako Amekuwa Mtu Mzima: Mazoezi ya Mwili kwa Wenye Ulemavu wa Akili

   Kama una sufuria motoni, punguza moto kidogo, vuta kiti, usikilize. Leo tunazungumza juu ya mtu ambaye huenda amekaa hapo karibu nawe wakati huu, na ambaye mazungumzo ya afya humsahau mara nyingi.

Tunazungumza juu ya mtoto wako mwenye ulemavu wa akili, ambaye sasa si mtoto tena. Ana miaka 20, au 30, au hata 40. Bado unamwita mtoto kwa sababu unamlisha, unamvika na kumlinda. Lakini mwili wake ni mwili wa mtu mzima, na una mahitaji ya mtu mzima. Hitaji mojawapo ni mazoezi.

Tuchukue mfano. Tumpe kijana wetu jina la Kibet, jina tulilochagua kwa ajili ya mazungumzo tu. Kibet ana miaka 27. Alipokuwa mdogo alisoma katika darasa maalum la shule ya msingi. Kila siku alitembea kwenda na kurudi, akakimbia uwanjani, akacheza mpira na wenzake. Alipofika umri wa kuacha shule, akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo kazi yake ni kukaa. Asubuhi anatolewa kiti cha plastiki, anawekwa uani penye jua. Jua likiwa kali, kiti kinahamishwa kivulini. Mama anamletea chai, anamletea ugali, anamfunga na kumfungua viatu. Mama huyu anampenda sana mwanawe.

Miaka saba imepita hivyo. Sasa Kibet akitembea mpaka langoni anahema. Akitaka kusimama, anamnyooshea mama mkono ili amvute. Naye mama ana miaka 58, na mgongo wake umebeba vikapu vya majani chai kwa miaka mingi.

Mpenzi msikilizaji, swali letu la leo ni hili: mama huyu akifika miaka 70, ni nani atakayemvuta Kibet kutoka kitini?

Je, ni ulemavu au ni kiti?

Watu wengi wakimwona Kibet anahema husema, "Ni ile hali yake." Tuliangalie jambo hili vizuri.

Ulemavu wa akili humfanya mtu achelewe kujifunza, kuelewa na kuyamudu mambo ya kila siku. Huanza utotoni. Lakini misuli ya miguu yake inafuata sheria ileile inayofuatwa na misuli yako na yangu: ukiitumia inapata nguvu, ukiiacha inanywea. Moyo nao ni msuli. Mtu yeyote, hata mwanariadha, ukimweka kitini miaka saba atahema akifika langoni.

Wataalamu wa nchi mbalimbali wamewapima watu wazima wenye ulemavu wa akili, wakaona kwamba wengi wao wana pumzi fupi na misuli dhaifu kuliko watu wa umri wao. Sababu kubwa zinajulikana. Wanakaa mno. Hawaalikwi kucheza. Wengine wanatumia dawa zinazoongeza hamu ya kula. Na sisi tunaowatunza tunaogopa wasije wakaanguka, kwa hiyo tunawafanyia kila kitu.

Ni kweli wapo wenye sababu nyingine ndani ya mwili. Mtu aliyezaliwa na hali ya Down huwa na misuli na viungo vilivyolegea, na moyo wake haupandi kasi kama wa wengine akifanya kazi. Wapo pia ambao misuli yao imekaza tangu utotoni. Hawa wanahitaji ushauri wa mtaalamu wa tiba ya viungo, lakini nao hawakuumbwa kukaa tu.

Kukaa kunaleta mengine. Choo kinakuwa kigumu. Usingizi unapotea usiku kwa sababu mchana hakuna kilichomchosha. Uzito unapanda, na baadaye hufuata shinikizo la damu na kisukari. Mifupa inadhoofika, na akianguka mara moja anavunjika.

Basi usikate tamaa kwa kusema, "Samaki mkunje angali mbichi, na huyu wangu amekwisha kukauka." Methali hiyo ina maana yake, lakini misuli haiijui. Misuli ya mtu wa miaka 40 huongezeka nguvu ikifanyishwa kazi. Majaribio yaliyofanywa na watu wazima wenye ulemavu wa akili yameonyesha kwamba wakipata mazoezi ya mpango kwa wiki kadhaa, miguu hupata nguvu, mwili husimama imara na mwendo huwa mzuri zaidi.

Mazoezi kiasi gani?

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu mazoezi ya mwili, na kwa mara ya kwanza likaweka ndani yake maagizo kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Mtu mzima mwenye ulemavu anahitaji kipimo kilekile cha mtu mzima mwingine: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku 2 kwa wiki.

Dakika 150 zisikutishe. Ni nusu saa kwa siku 5. Mwongozo huohuo unasema kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa, na kwamba mtu aanze polepole.

Utajuaje kama shughuli ni ya wastani? Huhitaji mashine. Mtu anayetembea kwa mwendo wa wastani anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Kama anaimba bila shida, ongezeni mwendo kidogo. Kama hawezi kutamka hata maneno matatu bila kuvuta pumzi, punguzeni. Kwa mtu asiyezungumza, tazama kifua chake na uso wake: kupumua haraka kidogo na jasho jepesi ni sawa. Usihesabu mapigo ya moyo kwa mtu mwenye hali ya Down, kwa maana moyo wake una kasi yake na hesabu itakudanganya.

Kabla ya kuanza

Mpeleke kwanza kwenye kituo cha afya. Mwambie muuguzi au daktari kwamba mnataka kuanza mazoezi, na umwombe aangalie mambo haya:

Moyo na shinikizo la damu. Karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa pia na kasoro ya moyo, na wengine hukua bila kasoro hiyo kujulikana.

Shingo. Baadhi ya watu wenye hali ya Down wana mifupa ya juu ya shingo iliyolegea. Mtu kama huyo asipige mpira kwa kichwa, asipinduke kichwa chini, wala asibebe mzigo kichwani au kuni kwa mshipi wa kichwani, mpaka daktari amkague na kuruhusu.

Tezi ya shingoni. Kwa watu wenye hali ya Down, tezi hii mara nyingi hufanya kazi polepole. Hapo mtu huchoka, hunenepa, na sisi tunamwita mvivu. Kipimo cha damu kinaonyesha, na dawa ipo.

Kifafa. Mwenye kifafa anaweza kufanya mazoezi. Muhimu ni ameze dawa zake kila siku, na asiende peke yake mtoni, kwenye bwawa, juu ya mti au karibu na moto.

Macho, masikio, meno na miguu. Mtu asiyeona vizuri huogopa kutembea. Mwenye ukucha uliozama au kiatu kinachobana hukataa mazoezi, na hawezi kukueleza kwa nini.

Kitu cha mwisho ni viatu. Raba za mtumba zinazomkaa vizuri zinatosha. Kandambili hazifai katika miteremko yetu, hasa kukiwa na matope.

Mpango wa wiki 12

Sasa chukueni kalamu na daftari. Mpango huu hauhitaji shilingi nyingi. Unahitaji kiti, ukuta, ngazi ya mlangoni, chupa mbili za plastiki, na mtu wa kufanya naye. Naomba msisitizo hapo: mtu wa kufanya naye. Ukikaa na kumwambia "nenda ukatembee," hataenda.

Kwanza ni matembezi, siku 5 kwa wiki. Chagueni saa moja isiyobadilika. Kwetu huku asubuhi ni bora, kwa sababu mvua hupenda kunyesha alasiri. Wale walio chini upande wa Fort Ternan, ambako jua ni kali kuliko Kericho mjini, waende mapema na wabebe maji ya kunywa.

Wiki ya 1 na ya 2, dakika 10 mahali tambarare. Wiki ya 3 na ya 4, dakika 15. Wiki ya 5 hadi ya 8, dakika 20, mkiongeza mlima mdogo. Wiki ya 9 hadi ya 12, mfikie dakika 30. Mkumbuke kwamba kushuka mlima kunaumiza magoti na kuangusha watu kuliko kupanda. Mkishuka, mwende pole, bega kwa bega. Na mkiwa barabarani, tembeeni upande unaowatazamisha magari na boda boda zinazokuja.

Pili ni mazoezi ya nguvu, siku 2 kwa wiki, kwa mfano Jumanne na Ijumaa. Anzeni kwa kupasha mwili moto dakika 5: tikiseni mikono, pigeni hatua hapohapo mlipo, chezeni wimbo mmoja wa redio. Kisha fanyeni haya matano:

1. Kuinuka kitini. Egemeza kiti ukutani kisiteleze. Akae, miguu chini, ainuke bila kuvutwa, kisha akae tena polepole. Mwanzoni anaweza kushika magoti yake au meza. Mara 5, apumzike, mara 5 tena. Zoezi hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu ndilo linalomwezesha kwenda chooni mwenyewe.

2. Kusukuma ukuta. Asimame hatua moja kutoka ukutani, aweke viganja, ainame kuelekea ukuta, kisha ajisukume nyuma. Mara 5 hadi 10.

3. Kupanda ngazi ya mlangoni. Apande kwa mguu wa kulia, ashuke. Apande kwa wa kushoto, ashuke. Wewe simama kando, mkono wako karibu na kiwiko chake.

4. Kuinua chupa. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ina nusu kilo. Ashike moja kila mkono, azilete mabegani, azishushe. Akizoea, tumieni chupa za lita moja.

5. Kusimama imara. Akishika mgongo wa kiti kilichoegemezwa mezani, asimame juu ya vidole vya miguu, ahesabiwe mpaka tano, ashuke. Baadaye ajaribu kusimama kwa mguu mmoja. Hili linazuia kuanguka.

Kila baada ya wiki 2, ongeza mara 2 au 3 kwa kila zoezi kama amefanya bila taabu. Kama ni mzito kwake, bakieni palepale. Hakuna mashindano hapa.

Siku ya kwanza kabisa, mpime. Kwa saa au simu, hesabu anainuka kitini mara ngapi katika sekunde 30. Andika katika daftari pamoja na tarehe. Mpime tena wiki ya 6 na wiki ya 12. Mama, daftari hilo litakutia moyo kuliko maneno yangu. Mtu aliyeinuka mara 4 akifika mara 7, utaona kwa macho yako kwamba mkono wako unaanza kupumzika.

Namna ya kumfundisha

Mazoezi yenyewe ni rahisi. Kazi iko katika kumfundisha, na hapa wewe unayemjua ndiwe mwalimu mkuu.

Onyesha kwanza, sema baadaye. Fanya zoezi mbele yake, kisha mfanye pamoja. Akishindwa, mwongoze kwa mkono wako, na kila siku upunguze kumshika.

Toa agizo moja kwa wakati mmoja. Ukisema, "Simama, vaa viatu, chukua chupa, uende nje," umemwambia mambo manne na atabaki ametazama. Sema, "Simama." Ngoja. Wengine huhitaji sekunde 10 nzima kabla ya mwili kutii. Usirudie agizo haraka na usipaze sauti.

Mpe kitu cha kuhesabia. Weka maharagwe 5 katika bakuli. Kila akiinuka, ahamishe moja kwenda bakuli la pili. Bakuli la kwanza likiwa tupu, kazi imekwisha. Mtu asiyejua tarakimu anaelewa bakuli tupu.

Mwache achague. Muulize, "Tuanze na chupa au ukuta?" Mtu mzima ambaye kila siku anaamuliwa kila kitu hufurahi kuamua jambo moja.

Msifu papo hapo na kwa jambo hasa alilofanya: "Umeinuka peke yako!" Mkitaka, achore alama kwenye kalenda ya ukutani kila siku anapomaliza. Lakini usimlipe kwa soda na mandazi, maana mtakuwa mnajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Kazi za nyumbani nazo ni mazoezi. Kufagia uwanja, kuchota maji kwa jerikani ndogo, kulisha kuku, kupeleka ndama malishoni pamoja na ndugu, kuchuma chai kidogo pembeni ya mama yake: yote hayo yanahesabiwa katika zile dakika 150. Ila tuseme ukweli. Wako watu wanaowatumia wenye ulemavu wa akili kama punda, kubeba miwa na kuni kutwa nzima kwa sahani ya chakula. Kazi hiyo isiyo na malipo, isiyo na mapumziko, na asiyoweza kuikataa, ni dhuluma. Usiiruhusu.

Dalili za kusimama

Mtu mwenye ulemavu wa akili huenda asikwambie, "Naumwa." Mtazame. Anashika mahali pamoja, anakunja uso, anachechemea, anakataa ghafula zoezi alilolipenda jana. Hiyo ndiyo lugha yake.

Simamisha mazoezi na mpeleke hospitali haraka akishika kifua kwa maumivu, akizirai, midomo ikigeuka rangi, au pumzi ikikataa kurudi baada ya kupumzika. Kwa mwenye hali ya Down, angalia pia maumivu ya shingo, kichwa kukaa upande, mikono kupoteza nguvu, mwendo kubadilika, au kuanza kujikojolea wakati hapo awali hakuwa hivyo. Hizo ni dalili za shingo. Usisubiri kesho.

Akishikwa na kifafa, ondoa vitu vigumu karibu naye, weka nguo laini chini ya kichwa, na mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, wala usimkandamize. Angalia saa. Kikipita dakika 5, au kikirudi tena kabla hajazinduka, mkimbize hospitali.

Kutoka uani hadi uwanjani

Sisi watu wa huku tunajivunia mbio. Mwaka 1964 huko Tokyo, Wilson Kiprugut Chuma, mwana wa Kericho, alishinda nishani ya shaba katika mbio za mita 800, akawa Mkenya wa kwanza kupata nishani ya Olimpiki. Mwaka 1968 huko Mexico akaongeza ya fedha.

Sasa sikilizeni jambo lingine la mwaka huohuo wa 1968. Mwezi wa Julai, mjini Chicago nchini Marekani, mama mmoja aitwaye Eunice Kennedy Shriver alianzisha michezo ya watu wenye ulemavu wa akili iitwayo Special Olympics. Eunice alikuwa na dada mwenye ulemavu wa akili. Wanamichezo wapatao 1,000 kutoka Marekani na Kanada walifika uwanjani siku hiyo, wakati wengi waliamini kwamba watu kama hao wakae ndani. Leo michezo hiyo imeenea duniani, na Kenya ina tawi lake, Special Olympics Kenya. Wakenya walishiriki katika michezo ya dunia ya Abu Dhabi mwaka 2019 na ya Berlin mwaka 2023.

Ninawaambia haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, michezo hiyo haina mwisho wa umri. Huanza miaka 8, na mtu wa miaka 45 anaruhusiwa. Mwanamichezo halipishwi, na wanashindanishwa wale wenye uwezo unaokaribiana, kwa hiyo hata mwenda pole ana mashindano yake. Mwulize mwalimu wa darasa maalum lililo karibu, au ofisi ya kaunti ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, wakueleze kama kuna kikundi karibu nanyi.

Ya pili ni kubwa zaidi. Hata pasipo kikundi, nyinyi wenyewe mnaweza kuanza. Mama watatu wa kijiji kimoja, kila mmoja na mwanawe, uwanja wa shule Jumamosi asubuhi, mpira mmoja. Waalikeni binamu na majirani wasio na ulemavu wacheze nao. Mtu hufanya mazoezi kwa miaka mingi pale tu anapopata rafiki ndani yake.

Maswali ya wasikilizaji

Mama mmoja anauliza: "Binti yangu ana miaka 24. Naogopa akitembea njiani watu wabaya watamharibu. Si afadhali akae ndani?"

Mama, hofu yako ina msingi, na hatutaidharau. Binti asitembee peke yake, na asiachwe na mtu yeyote usiyemjua vizuri, hata akijiita mwalimu wa michezo. Atembee nawe au na mwanamke mnayemwamini. Mfundishe kwamba kuna sehemu za mwili ambazo hakuna mtu wa kuzigusa, na kwamba akiguswa akwambie na hutamkemea. Likitokea la kutokea, afike hospitali upesi kabla ya saa 72 kupita ili apate dawa za kinga, na polisi waarifiwe. Lakini kumfungia ndani siyo ngao kamili, maana wengine huumizwa ndani humohumo. Binti anayejulikana na kijiji kizima, anayesalimiwa kwa jina kila asubuhi, ana macho mengi yanayomlinda.

Mama mwingine anasema: "Kijana wangu anakataa kabisa. Nikimshika anasukuma, naye ni mkubwa kuliko mimi."

Usimlazimishe, wala usimpige. Kwanza hakikisha haumwi jino, sikio au mguu. Kisha tafuta anachokipenda. Kama anapenda nyimbo, chezeni wimbo mmoja uani, dakika 3, basi. Kama anapenda treni au ng'ombe, matembezi yawe ya kwenda kuviona. Kesho tena. Baada ya wiki chache ataanza yeye kukukumbusha saa ikifika. Haba na haba hujaza kibaba.

Kogo mmoja anauliza: "Tumetembea na mjukuu wangu miezi miwili, lakini uzito haupungui. Tumekosea wapi?"

Kogo, hamjakosea. Mazoezi pekee mara nyingi hayapunguzi kilo. Angalieni chakula: sukari ngapi katika kikombe cha chai, na vikombe vingapi kwa siku? Ongezeni sukuma wiki na maharagwe, punguzeni ugali wa pili. Kama anatumia dawa zinazoongeza hamu ya kula, zungumzeni na daktari, lakini msiziache wenyewe. Na swali ninalokuuliza mimi ni hili: anapanda mlima wa kwenu bila kusimama kuliko zamani? Kama jibu ni ndiyo, moyo wake umepona zaidi, hata kama mizani inasema vilevile.

Mambo ya kukumbuka

Akaguliwe kwanza kwenye kituo cha afya. Aanze na dakika 10, afike 30. Nguvu siku 2 kwa wiki, na kuinuka kitini kusikosekane. Fanya pamoja naye, agizo moja kwa wakati. Andika katika daftari. Soma uso wake, uzijue dalili za hatari.

Mama, tulianza na swali la nani atakayemvuta Kibet kutoka kitini. Hakuna ajuaye kesho itamkuta nani nyumbani. Dada anaweza kuolewa mbali, kaka anaweza kwenda kutafuta kazi Nairobi. Lakini kijana anayeinuka mwenyewe, anayetembea mwenyewe hadi chooni na kurudi, atakuwa mzigo mwepesi kwa yeyote atakayebaki naye, na atapendwa kwa urahisi zaidi. Hiyo ni urithi unaoweza kumpa hata bila shamba.

Kwa hiyo kesho asubuhi, akikunyooshea mkono ili umvute, usiuvute mara moja. Simama mbele yake, tabasamu, useme, "Jaribu." Kisha ngoja.